Mgeni wa Nani? Siku 14 na Begi Mgongoni, Kamunyonge hadi Jambiani

Wengi mliniuliza nilipotelea wapi Februari 2025. Sikuwa mgonjwa, sikufiwa, na wala sikuhamishwa kituo cha kazi. Nilikuwa likizo. Mimi na rafiki yangu, kila mtu na begi lake mgongoni, tulitoka hapa Musoma tukaenda hadi Jambiani, Zanzibar, tukarudi. Siku 14. Nilikuwa na deni la kuwasimulia, leo nalilipa.

Naanza na neno likizo, maana ndilo lililozua maswali njia nzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo. Sasa fanya uchunguzi mdogo hapo ofisini kwako. Ni nani mara ya mwisho alichukua likizo akaenda mahali ambako hana ndugu, hana msiba, hana harusi wala shamba? Kwetu Mara likizo ni kwenda kupalilia mihogo, kusimamia mafundi au kuzika. Mimi nimezitumia hivyo miaka mitatu mfululizo na silalamiki. Ila mwaka ule nilitaka kuiona nchi.

Rafiki yangu nitamwita Fundi. Anatengeneza simu pale Nyasho, na tumekua wote Kamunyonge, nyumba zetu zikitenganishwa na uzio wa minyaa. Chanzo cha safari ni simu yake mwenyewe. Wateja wakipungua huwa anaangalia video za vijana wa Ulaya wanaozunguka na mabegi Bangkok, Hanoi na Bali. Wanalala vyumba vya bei chee, wanakula barabarani, wanapanda mabasi ya usiku, halafu wanamalizia ufukweni. Jioni moja tukapiga hesabu. Nauli ya ndege peke yake ilimaliza akiba yetu wote wawili kabla hatujanunua hata chupa ya maji.

Fundi akaniangalia, akasema, "Kwani sisi mabasi ya usiku hatuna? Chakula cha barabarani hatuna? Fukwe je?"

Nikamwambia vyote tunavyo. Mipango ikaanza pale pale. Tukakubaliana kila mtu aweke shilingi 450,000, na tukaandika vituo kwenye daftari: Dodoma, Dar es Salaam, Bagamoyo. Zanzibar tuliiandika kwa penseli.

Penseli ilikuwa na sababu. Fundi hapandi chombo cha majini.

Baba yake alikuwa mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, ili mwanga wa karabai uwavute. Usiku mmoja wa mwaka 2007 upepo uliwakuta huko mbele. Wenzake wawili walirudi. Mtumbwi ulirudi. Yeye hakurudi, na mwili haukuonekana. Fundi alikuwa na miaka minane. Mama yake akauza nyavu na kumpiga marufuku kuingia majini hata kuoga. Mpaka leo, mtu aliyezaliwa hatua chache kutoka ziwani, anaoga maji ya ndoo.

Kwa hiyo mkisoma hapa chini kuhusu magari na vyakula, mjue kwamba penseli ile ilikuwa mfukoni safari nzima.

Tuliondoka stendi ya Bweri Jumatatu, tarehe 3, jioni. Mama Fundi alitufungia maandazi na kilo mbili za dagaa wakavu. Hakuuliza tunakwenda wapi. Alisema tu, "Mwende salama wanangu," akarudi ndani.

Mwaka 2023 serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, baada ya marufuku iliyodumu tangu miaka ya 1990, kwa hiyo mtu wa Musoma sasa analala garini na kuamkia mbali. Tulipita Bunda bado kuna mwanga. Kabla ya Lamadi, upande wa kushoto ni Serengeti, na pundamilia walikuwa wanakula majani karibu na lami. Watu hutoka Ujerumani kuja kuwaona. Ndani ya basi letu hakuna aliyegeuza shingo isipokuwa sisi wawili na mtoto mmoja.

Mama aliyekaa kiti cha jirani akatuona tunavyochungulia. Akatuuliza kwa upole, "Poleni wanangu. Msiba uko wapi?"

"Hakuna msiba mama. Tunakwenda kutembea tu."

Akafikiri kidogo. "Basi mna kesi?"

Ndugu zangu, hilo ndilo swali tulilolibeba hadi Jambiani. Mzungu akiwa na begi mgongoni ni mtalii. Kijana wa Musoma akiwa na begi lile lile anatafuta kazi, amefiwa, au amekimbia jambo. Hata lugha yetu ina mtego humu. Tunasema "kutembea" kwa kwenda kwa miguu, na "kutembea" kwa kwenda kuwaona watu. Kwenda kuona mahali, bila mtu wa kumfikia, tumekuachia neno "utalii", na neno hilo tumewapa wageni.

Dodoma tulifika asubuhi tukapanda treni ya umeme, ile iliyoanza kufika huko Julai 2024. Daraja la kawaida hadi Dar es Salaam tulilipa 31,000. Pale stesheni mizigo inapitishwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Dagaa wa Mama Fundi walipita salama, lakini harufu yao ilibaki pale ukaguzini, na dada aliyekuwa zamu alitucheka waziwazi. Watu wa ziwa hatujifichi! Chini ya saa nne tulikuwa Dar. Safari hiyo baba yangu aliwahi kuifanya kwa treni ya zamani, na kila akiisimulia inaongezeka urefu.

Dar tulilala Manzese, chumba cha vitanda viwili. Kitabu cha wageni kilikuwa na safu ya "madhumuni ya safari". Fundi akaandika "kutembea". Kijana wa mapokezi akauliza, "Kutembea kwenda wapi?" Fundi akamjibu, "Hapa." Yule kijana akafuta, akaandika "biashara". Alisema bosi wake akiona kutembea atauliza maswali.

Nini cha kufanya Dar ukiwa na elfu kumi kwa siku? Nenda soko la samaki la Feri alfajiri, wakati mnada umechangamka. Kula pweza wa kukaanga. Jioni nenda Coco Beach ukale mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ukwaju. Kwetu mihogo tunailima wenyewe, lakini kuila huku unaangalia meli ni habari nyingine. Tulikwenda pia Kigamboni. Pantoni kutoka Feri ni dakika chache tu. Fundi alichagua kuzunguka kwa bajaji na kupita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016. Tulitumia zaidi ya saa nzima na fedha mara kadhaa ya nauli ya pantoni. Sikusema kitu. Darajani alitazama maji chini, akafumba macho, tukavuka.

Tarehe 7 tukaenda Bagamoyo.

Huko ndiko watu wa bara walikokuwa wanaishia karne ya 19. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, walitembea miezi kutoka Tabora na Ujiji na mizigo ya pembe za ndovu mabegani na vichwani. Wengine walifikishwa pale kwa minyororo na kuvushwa kwenda Zanzibar kuuzwa. Ukisimama ufukweni pale na begi la kilo nane unajiona mvivu. Tulitembelea magofu ya Kaole, ambako kuna msikiti wa karne ya 13, kisha tukaenda misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868.

Pale misheni kuna mnara wa kanisa la zamani. Mwongozaji alitueleza habari za David Livingstone, aliyefariki Mei 1873 huko Chitambo, katika Zambia ya leo. Watumishi wake, wakiwemo Chuma na Susi, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga na kuubeba hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874, na mwili ukalazwa pale misheni kabla ya kuvushwa Zanzibar na kupelekwa kuzikwa London.

Habari hii nimeisoma tangu shule ya msingi na haijawahi kunisumbua. Fundi aliuliza mara mbili.

"Miezi tisa walimbeba?"

"Miezi tisa," mwongozaji akajibu.

"Ili akazikwe kwao?"

"Ndiyo. Akazikwe kwao."

Fundi akatoka nje kwenye kivuli cha miembe. Nilimwacha. Jioni, tukiwa tunakula chipsi, akatoa daftari kwenye begi lake na kuandika Zanzibar upya, kwa kalamu ya wino. Akasema kesho kutwa tukate tiketi.

Sasa bandarini Dar. Kuna watu wanaojua matokeo ya Simba na Yanga ya miaka yote. Fundi anajua ajali za majini. Tukiwa kwenye foleni akaanza kuzitaja kwa sauti ya chini, kama anasali. MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, ziwa letu, karibu na Mwanza. MV Spice Islander, tarehe 10 Septemba 2011, kati ya Unguja na Pemba. MV Skagit, tarehe 18 Julai 2012, "njia hii hii tunayopita." MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, mita chache kabla ya kutia nanga Ukara. Mzee aliyekuwa mbele yetu, amevaa kofia ya kiua, akageuka. Nilidhani atamkemea. Alisema, "Skagit alikuwemo ndugu yangu. Nami navuka kila mwezi. Kaa nami, mwanangu."

Wakakaa wote, sebule ya chini, mbali na dirisha. Chini ya saa mbili hivi mzee yule alimsimulia Fundi bei ya vitunguu, wajukuu wake na ugonjwa wa goti. Hakumwambia hata mara moja asiogope. Nilipowafuata mkondoni, wakati boti inapigwa na mawimbi ya kaskazi, Fundi alikuwa ameshika mkono wa kiti kwa nguvu, na bado alikuwa anauliza vitunguu vinanunuliwa wapi.

Mji Mkongwe mmeshausoma sana, sitawachosha. Ila nendeni Forodhani jioni, mnywe urojo mchana, mkaione Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililoporomoka sehemu yake Desemba 2020. Lililonishangaza mimi ni jingine. Tuliiota Asia ya kusini-mashariki kwenye simu, kumbe Asia ilishatutangulia huku. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Ngalawa zile zenye matengo pande mbili, wataalamu wanaunganisha ufundi wake na mabaharia wa visiwa vya Indonesia. Hata ndizi, ambazo Tarime wanazipika kama za kwao tangu uumbaji, chimbuko lake ni huko. Walivuka bahari kubwa kuliko zote tunazoziogopa.

Tarehe 12 tukapanda daladala namba 309 kwenda Jambiani.

Kabla ya hapo tulishuka Paje tukatembea kwa miguu ufukweni. Mbele ya hoteli moja mlinzi akatuzuia. "Nyie, mnauza nini?" Alituona mapapasi, wale vijana wanaowafuata watalii na vinyago na safari za boti. Nikamwambia hatuuzi kitu, tunatembea. "Mnatembea na mabegi? Mgeni wa nani nyie?" Fundi akajibu kwa lafudhi yetu ambayo haifichiki. Mlinzi akakunja uso, kisha akaangua kicheko. "Mura! Nyie ni wa Mara!" Kumbe ni mtu wa Tarime, ana miaka sita pale. Akatupa maji ya baridi na kutuuliza kama mvua zimenyesha. Tulipoaga akasema kitu ambacho nimekiandika kwenye daftari: kwa miaka sita aliyolinda ufukwe ule, hajawahi kuoga baharini. Akimaliza zamu analala. Likizo anakwenda Tarime.

Jambiani tulipata chumba kwa mama mmoja mwenye nyumba ya mawe nyuma ya minazi. Tulimpa nusu ya dagaa wa Mama Fundi. Akawanusa, akacheka, akasema wa kwao ni wakubwa kidogo na hawana harufu ya udongo. Siku ya pili akatuambia anakwenda shambani. Tukamfuata. Shamba lenyewe lilikuwa baharini.

Mtu wa ziwa hana maandalizi ya kuona kile kitu. Ziwa Victoria linakaa pale pale. Huku mwezi ulikuwa mpevu, wenyewe wanaita bamvua, na maji yalipokupwa yaliondoka kabisa, yakatuachia mchanga na madimbwi hadi karibu na mwamba ambako mawimbi yanapasuka. Katikati ya uwanja huo wanawake walikuwa wameinama kwenye safu za vigingi na kamba, wanafunga mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na mbegu zilitoka Ufilipino. Asia tena! Mwani ukishakauka unauzwa nje na kutolewa utomvu unaotumika kwenye dawa za meno na vyakula. Mama alitueleza kwamba ile aina yenye bei nzuri imekuwa inakufa kwa sababu maji yamekuwa ya moto, na wamebaki na ile ya bei ndogo. Aliongea huku vidole vinafunga, bila kuangalia.

Fundi alikuwa amesimama kwenye mchanga mkavu. Mama akamwita. "Njoo unisaidie kamba. Mtoto wa mvuvi unaogopa nini?"

"Maji, mama."

"Haya maji yana saa zake. Yameondoka, na yakianza kurudi mie nitakwambia."

Akavua viatu. Akaingia, maji yakafika vifundoni, kisha chini ya magoti. Alifunga mwani zaidi ya saa nzima, na kwa kuwa mikono yake imezoea nyaya za simu, mama alimsifia mbele ya wenzake. Maji yalipoanza kurudi mama akasema sasa, nao wakatoka pamoja, polepole, yeye akiwa wa mwisho.

Usiku tulikaa barazani. Bahari ilikuwa imejaa, inapiga hatua chache kutoka tulipo. Fundi alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Lingekuwa linaondoka hivi hata siku moja, ziwa letu. Hata saa moja tu. Tungeingia tukamtafuta."

Sikuwa na jibu, na sikulitafuta.

Tulirudi kwa njia ile ile: boti, treni, basi la usiku. Tarehe 16 tulikuwa Bweri. Kwa wanaopenda hesabu, kila mtu alitumia hivi. Basi kwenda na kurudi 100,000. Treni 62,000. Boti 60,000. Malazi usiku 11, tukichangia chumba, 110,000. Chakula, daladala, bajaji na viingilio 118,000. Jumla 450,000. Najua ni fedha nyingi kwa vijana wa Musoma. Tuliziweka kwa miezi tisa, na kuna michango ya harusi ambayo tuliitoa midogo na watu wakasema.

Nawaambia wasema hao na nyie wengine kwamba msiba utakuwepo, shamba litakuwepo, na ndugu hatutawatupa. Lakini nchi hii tunaipenda kwa nyimbo za asubuhi shuleni na wengi wetu hatujaiona. Tunamwonea huruma mtu anayesafiri bila kufiwa! Mkiulizwa mgeni wa nani, semeni wa mahali penyewe. Inatosha.

Fundi yuko Nyasho, simu zinaharibika kama kawaida. Mama yake alimuuliza swali moja tu kuhusu safari, kama maji ya kule ni chumvi kweli. Akamletea kidogo kwenye chupa, akaonja, akatema, wakacheka wote. Juzi Fundi ameniuliza boti za kwenda kisiwa cha Lukuba zinaondoka saa ngapi Mwigobero. Nikamwambia nitaulizia. Ameandika kwenye daftari, kwa penseli.

Naomba kuwasilisha.